Kisu chenye sura ya John Wayne: nimekibeba miezi minane, haya ndo maoni yangu

Nianze na mzigo wenyewe. Ni kopo la bati, ukifungua unakuta kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa mweupe uliosuguliwa mpaka unateleza, na juu ya ule mfupa wamemchora John Wayne, yule mcheza sinema wa Marekani, na kofia yake ya koboi. Ni cha kampuni ya Case, umbo linaloitwa Trapper, kimetengenezwa Bradford kule Pennsylvania, Marekani. Nimenunua kwa pesa yangu, hakuna mtu kanipa ili nikisifie, na nimekifanyia kazi kweli kweli, kukata kamba za mzigo, kufungua maboksi, kumenya machungwa na maembe kwenye vituo vya malori, kwa hiyo ninayosema hapa nayasema kwa mkono wangu sio kwa kusoma tu.

Mimi ni dereva wa lori, nakaa Ohio, kwetu ni Usa River, pale njia ya Arusha kwenda Moshi. Visu navipenda toka mtoto kwa sababu babu yangu hajawahi kutoka nyumbani bila kisu mfukoni, na sio kwa ubaya, ni mtu wa ng'ombe na migomba, kuna kamba ya kukata, kuna mche wa kusafisha, kuna mtoto anataka kumenyewa muwa. Nilipofika huku nikakuta kumbe kuna watu wazima na heshima zao, walimu, mafundi umeme, wachungaji wa kanisa, wanakusanya hivi visu vya kukunja vya kizamani, wanakutana wikiendi kwenye kumbi, wanapanga meza ndefu ukumbi mzima afu wanaweza kuongelea springi moja saa nzima na hakuna anayechoka. Nilijiona nimefika nyumbani.

Sasa kwenye hizo meza kuna kona moja huwa haikosi ubishi, kona ya visu vyenye majina ya watu maarufu. John Wayne, Johnny Cash yule mwimbaji wa kantri, Dale Earnhardt yule wa mbio za magari. Na sio biashara iliyoanza juzi, miaka ya 1950 watoto wa Marekani walikuwa wanauziwa visu vidogo vyenye picha za makoboi wa sinema kama Hopalong Cassidy na Roy Rogers, na leo ukikipata ambacho picha haijafutika basi una kitu mkononi, mana vingi vilichezewa mpaka sura ikaisha, watoto walivitumia kama watoto.

Ubishi wenyewe uko hivi. Kuna wanaosema kisu ni chuma, springi na mpini, jina la mtu aliyekufa halikati kamba, umelipia picha. Hawa ni wakali, na wengi wao wanajua visu kuliko mimi, ukiwaona mfukoni wana kitu cha kawaida kabisa, mpini wa njano wa plastiki ngumu, bapa, yaani kile chuma cha kukatia, limebadilika rangi kwa miaka ya kazi, au wana visu vya Great Eastern Cutlery wa Titusville, hao walianza 2006 tu lakini wanatengeneza kizamani kabisa, chuma cha kaboni, na jina la mcheza sinema sijawahi kuliona kwenye meza yao. Upande wa pili kuna wanaonunua cha mtu wao wanayempenda na hawakitoi kwenye kopo milele, kinakaa kabatini, wanakifuta mafuta mara moja kwa mwaka. Na katikati kuna sisi wengine, tunampenda mtu na tunataka kisu kifanye kazi. Wa katikati ndo tunaohitaji tathmini kama hii, kwa sababu hao wengine wawili walishaamua siku nyingi.

Kwa nini mimi, mtoto wa Usa River, ninunue sura ya John Wayne? Wamarekani wanamjua kama koboi wa jangwani. Sisi kwetu alikuwa mzungu wa vifaru, wale wanyama wa mbugani. Sinema ya Hatari!, ambayo jina lake ni la Kiswahili kabisa na ilitoka 1962, picha zake zilipigwa kwetu, Tanganyika, kabla hatujapata uhuru, maeneo ya Arusha na Momella, wanakimbiza wanyama wa kweli na magari kwenye mbuga za kweli. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella mpaka akanunua mahali pale akakaa miaka. Babu alikuwa kijana wakati ule, na hadithi ya msafara wa magari ya sinema kupita njiani nimeisikia toka sijaanza shule. Kwa hiyo nilipokiona kile kisu mezani kwa mzee mmoja, sura ile ile, kofia ile, nilisimama. Mzee akaniuliza kama nampenda John Wayne, nikamwambia babu yangu alimwona kwa macho, Afrika. Akavua miwani, akanitazama, akanivutia kiti nikae.

Haya, kisu chenyewe. Trapper ni umbo la Wamarekani la siku nyingi, likifungwa lina karibu sentimita 10 na nusu, na lina mabapa mawili, yote marefu, yote yanafunguka upande mmoja. La kwanza lina ncha kali, mgongo wake umeshuka kidogo kuelekea mbele, hilo ndo la kazi zote. La pili ncha yake ni butu kama imekatwa, na wengi wasiofuga hawaelewi ni la nini. Asili yake ni la kuhasi mifugo, ncha imefanywa butu makusudi ili mnyama akitikisika usimchome pasipotakiwa. Jina lenyewe la Trapper ni la wategaji wa wanyama, na wao lile bapa butu walilipenda kwa kuchuna ngozi bila kuitoboa. Mimi nalitumia kukata plastiki ya kufungia mzigo, hiyo nailoni inayozungushwa kwenye mapaleti, unaipitisha chini yake bila kugusa boksi la mteja, na kwa kazi hiyo sijaona kitu bora, hata hivyo vikata boksi vya dukani vinakaa pembeni.

Hakina kufuli. Hapo wageni wengi wanashtuka. Visu vya aina hii vinashikiliwa na springi ya mgongoni tu, ukibonyeza kwa nguvu kurudi nyuma kinajifunga, kwa hiyo unajifunza kukata kwa kuvuta na kukaa na akili yako. Wenye visu wa Marekani wana msemo, kwamba kisu kizuri kinatembea na kinaongea. Kutembea ni vile bapa linavyozunguka kwenye kiungo chake, laini, bila kukwama na bila kulegea. Kuongea ni ule mlio likifika mwisho, tak! Nilipofungua hiki pale mezani mara ya kwanza, ukucha kwenye kile kijishimo, nikavuta taratibu, nikasikia springi inajaa inajaa afu tak, kavu, bapa limesimama katikati kabisa. Nikalifunga, tak tena. Bapa la pili hivyo hivyo. Nikaelewa kwamba hata wangefuta ile picha bado ningekuwa nimeshika kisu.

Mpini ni mfupa wa ng'ombe, Case wanatumia mfupa wa muundi wa ng'ombe wa zebu kutoka Brazil, ng'ombe wenye nundu kama wetu, kwa sababu ule mfupa ni mnene na mgumu. Kwenye visu vyao vingi mfupa unachongwa mistari mistari usiteleze, lakini hivi vya picha lazima uachwe laini, sasa mkono ukiwa na jasho au maji ya embe unateleza kidogo. Siliiti kosa, huwezi kuchora sura kwenye mawimbi, ila mnunuzi ajue. Ncha mbili za mpini zina vichwa vya chuma cheupe kinachong'aa, na vinakwaruzika mfukoni wiki ya kwanza tu ukiweka pamoja na funguo. Kama roho inakuuma na mikwaruzo tengeneza kijifuko cha ngozi, mimi nilikata kwenye kiatu cha zamani nikashona kwa mkono, kinatosha kabisa.

Chuma ni kile wanachokiita Tru-Sharp, hakishiki kutu kirahisi. Hapa wapenzi wa chuma huwa wanakunja uso, wanasema ni laini, kinabutuka mapema. Ni kweli sio chuma kigumu, lakini upande wa pili wa huo ulaini ni kwamba kinanoleka haraka, dakika tano kwenye kinoo cha kawaida, mimi nanoa nikisubiri kushushiwa mzigo. Kwa mtu anayekaa barabarani hiyo ina maana kuliko chuma kigumu ambacho kikibutuka unahitaji vifaa vya almasi na mchana mzima.

Sasa bei, hapo ndo penye moyo wa ubishi. Mimi ninacho Trapper kingine cha Case, mpini wa njano, chuma cha kaboni wanachokiita CV, kina kromu na vanadi ndani yake. Hicho cha njano kilinigharimu karibu nusu ya hiki cha John Wayne. Na umbo ni lile lile. Ukisoma namba ya modeli unaona mwenyewe, wana mpango wao wa namba, ya kwanza inasema mpini, ya pili inasema mabapa mangapi, zinazobaki ni umbo. Cha njano ni 3254: 3 ni njano, 2 ni mabapa mawili, 54 ni Trapper. Cha mfupa kinaanza na 6, 6254. Ukishaijua hiyo hesabu huwezi kudanganywa na kopo, unaona wazi umelipia mfupa, na mchoro, na jina.

Na kwenye kazi tupu cha njano kinashinda, lazima niseme. Chuma cha CV kinashika makali muda mrefu zaidi, na kina kitu kingine ambacho wapenzi wa kaboni tunakipenda mno. Kate embe bichi nacho, au ndimu, usikifute haraka, kiache dakika kadhaa. Utaona rangi inatembea kwenye chuma, kijivu inaingia buluu, na pembeni kama zambarau ya mafuta juu ya maji. Kila tunda linaacha alama yake, changu kina wingu moja karibu na ncha ambalo najua kabisa ni la ndimu ya Texas, nilikuwa nimeegesha nakula samaki. Ile rangi inasaidia kuzuia kutu, ingawa bado lazima ukikaushe na kukipaka tone la mafuta, ukikisahau na maji usiku kucha asubuhi unakuta madoa mekundu.

Kwa hiyo kama swali ni kisu tu, nunua cha njano, pesa inayobaki mpelekee mama. Ila swali sio kisu tu.

Dereva mwenzangu, kaka mmoja wa Machakos, anacho cha Johnny Cash, nacho Case. Wakenya na muziki wa kantri ni habari ndefu, redio za kwao zina vipindi maalum, ukienda harusi unausikia, watu wamekua nao. Nikamuuliza, "Kaka, kwa nini huyu na sio mwingine?" Akaniambia Johnny Cash alizaliwa 1932 Arkansas, akalelewa kwenye pamba, akichuma na wazazi wake, "na mamangu alilima pamba huko Ukambani, pesa ya pamba ndo ilinisomesha." Afu akaniambia habari ya mwaka 1968 alivyoenda kuwaimbia wafungwa ndani ya gereza la Folsom, akasema mtu anayeenda kuimbia wafungwa ni mtu ambaye jina lake naweza kulibeba mfukoni. Kisu chake kimechoka, picha imeanza kuisha pale kidole gumba kinapokaa, na hana shida nayo kabisa. Mkusanyaji akikiona atalia, thamani yote imeenda. Kwake yeye ile sehemu iliyofutika ni ya kwake, kaifuta na mkono wake.

Nalisema hili kwa uzito kwa wanaotaka kununua kama uwekezaji. Visu vya jina kubwa hutoka vingi, wenye hamu wananunua mapema, afu miaka michache unavikuta mezani kwa bei ya chini kuliko dukani. Michoro inaisha kwa kushikwa, maandishi ya kwenye bapa yanaisha kwa kunoa. Ukitaka kukiuza baadae usikiguse, na ukikigusa usikiuze. Wazee wa kwenye meza wote wananiambia kitu kimoja, kinachopanda bei ni umri na hali, sio sura. Ndo mana wao wanageuza kisu kwanza wasome muhuri pale chini ya bapa. Case wa kuanzia 1970 walikuwa wanaweka vinukta chini ya jina, mwaka ule vilikuwa 10, kila mwaka wanapunguza kimoja, kwa hiyo ukihesabu vinukta unaujua mwaka. Kijana wa watu anatafuta kisu cha mwaka aliozaliwa baba yake, anahesabu nukta na kioo cha kukuzia, hiyo raha haina jina la msanii ndani yake.

Sasa niseme na cha pili nilichowahi kununua, maana sio vyote ni kama hiki. Kampuni sitaitaja, na mtu mwenyewe ni wa televisheni, sitamtaja pia, kwa sababu naamini hata yeye hakijui kisu kilichobeba jina lake. Umbo lilikuwa la kizamani, mabapa matatu, mpini wa plastiki umefanywa ufanane na pembe ya paa, saini yake kubwa kwenye bapa, boksi zuri kuliko kisu. Nilikinunua kwa haraka kwenye duka la kituo cha mafuta. Bapa la kati lilikuwa linasugua ukuta wa ndani, unaona mkwaruzo kila ukifungua. Springi ilikuwa dhaifu, hakuna tak, kilikuwa kinafunguka kama mlango uliolegea bawaba. Siku ya tatu nakata kamba ya plastiki nyuma ya trela, kamba ikanasa, nikasukuma kidogo, kikajifunga kwenye kidole cha shahada. Nyuzi tatu. Nikarudi dukani na kidole kimefungwa, wakaniambia kilishatumika hakirudishwi, na nilipoandika kwa kampuni sikujibiwa mpaka leo. Kovu ninalo, baridi ikiingia kinauma.

Tangu siku hiyo nikiona saini kubwa nauliza kwanza nani alikitengeneza, aliyesaini atafuata baadae. Nafungua na kufunga mara kumi. Naangalia bapa likifungwa linakaa katikati au linaegemea upande. Nakiinua kwenye mwanga, naangalia kati ya springi na ukuta kama mwanga unapita. Napitisha ukucha kwenye maungio ya mpini na chuma, kama ukucha unanasa kuna mtu hakumaliza kazi. Kikipita hapo ndo naangalia sura iliyochorwa.

Na kuna jina moja ambalo wapenzi wa visu wote, hata wale wakali wa mpini wa njano, wanalivulia kofia. Tony Bose. Huyu hakuwa mcheza sinema, alikuwa fundi wa visu wa Indiana, anatengeneza kimoja kimoja kwa mkono, na kuanzia 1999 Case wakaanza kushirikiana naye kutoa visu kwa maumbo yake. Alifariki 2020. Ukishika kile kilichotoka kwa ushirikiano ule unaelewa maana ya jina kwenye chuma, kwa sababu aliyeandikwa pale ndo aliyekaa akafikiria springi iwe nene kiasi gani, bapa lizame kiasi gani, kona ipi iondolewe isichome paja. Nilishikishwa kimoja na yule mzee aliyeniuzia John Wayne, dakika mbili tu, akanyoosha mkono nirudishe. Sikuwa na pesa yake na sitakuwa nayo hivi karibuni, lakini mkono wangu unakikumbuka.

Kuna na majina yaliyoingia kwa heshima ya namna nyingine. Case wana kisu kidogo chembamba kinaitwa Eisenhower, jina la rais, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anabeba umbo lile, kwa hiyo ni kisu kilichompata mtu na sio mtu aliyebandikwa kwenye kisu. Na visu vya Uncle Henry vya kampuni ya Schrade, jina lile watu wengi wanadhani ni mjomba wa kwenye hadithi, kumbe ni Henry Baer aliyekuwa mkuu wa kampuni. Kiwanda kile kilifungwa 2004 na vya zamani vilivyotoka pale New York bado vinatafutwa, mimi ninacho kimoja, sikibadilishi na cha msanii yeyote.

Nisiwasahau wa nyumbani, maana mtu atauliza haya yote yanatuhusu nini. Babu yangu anabeba Okapi. Wengi mmekiona, mpini wa mti, urembo wa mwezi mwandamo na nyota ubavuni, na kile kipete cha chuma mgongoni unachovuta ili kikubali kufungwa. Kilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao Afrika, na kwetu ndo Mjerumani alikuwa anatawala wakati ule. Toka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Sasa angalieni hili jambo ambalo mimi limenifurahisha sana. Okapi, yule mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo, wanasayansi wa Ulaya walimtambulisha rasmi 1901, ikawa habari kubwa, mnyama mkubwa ambaye walikuwa hawamjui. Mwaka mmoja baadae kuna kisu chenye jina lake. Kwa hiyo na sisi tulishauziwa kisu chenye jina la maarufu wa siku zile, miaka zaidi ya 120 iliyopita, na tofauti ni kwamba hiki kimebaki mifukoni kwa sababu kilikuwa bei chee na kilikata.

Disemba nilienda nyumbani, hiki cha John Wayne nikakiweka kwenye begi kubwa la kukabidhi, usijaribu kukiweka kwenye begi la mkononi, utakiacha uwanja wa ndege na hautakiona tena. Jioni ya pili tumekaa nje na babu, nikamkabidhi bila kusema neno. Akavaa miwani. Akakigeuza. Nikamwona kidole kinapita juu ya ile kofia.

"Mjukuu wangu, huyu si yule mrefu wa magari?"

"Ndiye, babu."

Akakaa nacho kimya. Afu akanisimulia upya ile ya msafara, lakini safari hii akaongeza kitu sijawahi kusikia, kwamba yeye na wenzake walikimbia pembeni ya magari mpaka mtoni, na kuna mtu kwenye gari la nyuma aliwapungia kofia, na miaka yote hajui kama alikuwa huyu au mwingine. Akafungua bapa la kwanza, tak, akatikisa kichwa kukubali. Akafungua la pili, lile butu, na hakuniuliza la nini, akajaribu makali kwenye ukucha wa dole gumba, akasema, "Hili la ndama." Wamarekani wangapi nimewaeleza bapa lile, na mzee wa Usa River kalisoma kwa sekunde moja.

Nikakiacha kwake. Sasa hivi mfukoni nina cha njano, kinafanya kazi vizuri, sina lawama nacho. Okapi bado ndo anatoka nayo shambani, cha John Wayne anakitoa wageni wakija na siku za kuhasi. Mama anasema pale kwenye sura mfupa umeanza kuwa wa manjano kwa kushikwa. Wiki iliyopita babu kanipigia simu, hakusalimia hata vizuri, anauliza kama huku Ohio wanauza kinoo laini zaidi ya kile cha kwake, mana kile kinamkwaruza mzee wa magari.